Mazingira ya kutatanisha: nani anamtatanisha nani?

Nilipotea kidogo, majukumu yalinibana, lakini leo kuna jambo limenikaa kooni na ni bora nilitoe. Ni jambo la neno moja tu. Neno lenyewe limenilipia kodi ya chumba mara kadhaa, kwa hiyo nikilisema vibaya mjue najisema na mimi.

Neno ni KUTATANISHA.

Fungua gazeti lolote la Kiswahili, nenda kurasa za ndani, pale kwenye habari fupi fupi za mikoani. Hutakosa mtu aliyekutwa amekufa "katika mazingira ya kutatanisha". Duka limeungua katika mazingira ya kutatanisha. Faili limepotea ofisini, fedha za ushirika zimeyeyuka, mazingira ni yale yale. Wenzetu wa Kenya hupenda zaidi kusema "hali ya kutatanisha", lakini mganga na dawa yake ni mmoja. Mimi nimeliandika mara nyingi mpaka vidole vimelizoea. Nikishaandika "mazingira ya", hilo lingine linakuja lenyewe kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Sasa naomba niwasimulie kilichonifanya nianze kuliogopa.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, cheti cha chuo kikuu bado kinanukia wino. Jioni moja ya masika nikapigiwa simu na mtu wangu wa polisi. Kijana wa miaka 23 kaopolewa kwenye shimo lenye maji huko pembezoni mwa Dar es Salaam. Ukurasa ulikuwa unafungwa na mhariri ananitazama kwa lile jicho la "unacho au huna?" Nikaandika aya mbili. Jina, umri, mtaa, kwamba amekutwa amekufa katika mazingira ya kutatanisha, na kwamba polisi wanaendelea na uchunguzi. Nikapanda daladala, nikaenda zangu kulala.

Wiki mbili baadaye nikaitwa mapokezi. Kwenye benchi amekaa mama mmoja, kajitanda kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyemwandika kijana wangu?"

Nikajiandaa kugombezwa kwamba nimekosea jina, maana hayo ndiyo malalamiko yetu ya kila siku. Yeye akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Nimekuja unieleze hili neno. Kutatanisha. Maana yake nini?"

Nikamweleza, kwa sauti ya msomi, kwamba maana yake chanzo cha kifo bado hakijafahamika.

"Hakijafahamika kwa nani?"

Jamani, nilikosa jibu. Nimesoma miaka mitatu chuo kikuu, nimefanya mitihani ya maadili ya uandishi, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Mama akaendelea, taratibu, bila hasira. Alisema neno langu kule mtaani kwake limeshapata maana nne. Kuna wanaosema kijana alikuwa mwizi, akapigwa akatupwa shimoni, ndiyo maana gazeti limeficha. Kuna wanaosema alijiua. Kuna wanaosema alifumaniwa na mke wa mtu. Na wapo wa mambo ya kishirikina, hao hawakosekani. "Kila anayetaka kumsema mwanangu anatoa gazeti. Anasema, soma mwenyewe, hata waandishi wamesema inatatanisha."

Kisha akaniambia alichokuwa anajua yeye. Lile ni shimo la msingi wa ghorofa ambalo mwenyewe alichimba akaliacha. Halina uzio. Pembeni yake kuna njia ya mkato ambayo mtaa mzima unapita. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, maji yakafunika njia na shimo kwa pamoja. Mwanawe alikuwa hajui kuogelea. "Sasa mwanangu, hapo kunatatanisha nini? Wewe ulifika pale?"

"Sikufika mama."

"Haya."

Hilo "haya" bado nalisikia mpaka leo.

Jumamosi nikaenda. Shimo nikaliona kwa macho yangu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akanionyesha nakala za barua mbili walizomwandikia mwenye kiwanja wakimtaka aweke uzio, zote za kabla ya masika. Dereva mmoja wa bodaboda akanieleza kwamba usiku ule alimwona kijana akielekea njia ya mkato, kabeba mkate. Familia ilikuwa na karatasi ya hospitali, imeandikwa kwamba alikufa maji. Haya yote yalikuwepo wakati mimi naandika. Hakuna aliyenificha. Kilichonitatanisha mimi ni nauli ya daladala mbili na saa moja ya kwenda kuuliza.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Dhambi ya neno langu haikuishia kumchafua marehemu. Lilimlinda mwenye shimo. Watu walikaa vibarazani wakibishana kuhusu wizi na uchawi, na wakati huo shimo liko wazi, watoto wanapita pembeni yake kwenda shule.

Baada ya hapo nikawa na kihoro cha kulijua neno hili. Nikaanza kulichimba.

Mzizi wake ni "tata". Uzi ukijisokota na kufungamana hadi usijue ncha iko wapi, husemwa umetata. Kutoka hapo tunapata kutatana, kutatiza, tatizo, utata, utatanishi. Na tunapata kinyume chake: tatua, yaani kufungua kilichotata. Ni mgeuko ule ule unaotoa fungua kwenye funga, zibua kwenye ziba, fumbua kwenye fumba. Kwa hiyo mtu anaposema "tutatue tatizo" anachosema hasa ni tuutafute uzi, tuukamate ncha, tuufungue. Lugha yetu ilipotupa fundo, ilitupa hapo hapo na namna ya kulifungua. Sisi magazetini tumechukua nusu ya kwanza, ya pili tumeiacha kwa wahandisi na wanasiasa wanaotatua kero za maji.

Kamusi zinakupa na maana nyingine ya tatua: kurarua. Nguo ikichanika, imetatuka. Mwenye kufungua fundo kwa pupa anachana kitambaa. Hilo nalo tulikumbuke, nitalirudia.

Sekondari tulifundishwa utata kama somo kabisa. "Kaka amenunua mbuzi." Mbuzi wa kuchinja au mbuzi ya kukunia nazi? "Asha alimlilia mama yake." Alilia kwa sababu ya mama, kwa niaba ya mama, au alikwenda kulia mbele yake? Mwalimu alitupa sababu za utata: neno lenye maana zaidi ya moja, alama za uandishi kuachwa, muktadha kutotajwa. Nikiutazama tena ule mstari wangu wa kijana wa shimoni, naona ungefaa kabisa kuwa swali la mtihani. Sentensi moja, maana nne, toa sababu. Sababu: mwandishi hakutaja muktadha kwa kuwa hakuwa nao.

Na tazama sarufi yenyewe. Kutatanisha ni kitenzi cha kusababisha, kama kupikisha na kuchekesha. Kinataka mtendaji na mtendwa. Mtu fulani anamtatanisha mtu fulani. Kwenye sentensi zetu mtendaji ni nani? Mazingira! Mazingira hayana mikono, hayana ofisi, hayapokei simu, hayafikishwi mahakamani. Na mtendwa hatajwi kabisa. Ndiyo maana swali la yule mama lilinimaliza. "Hakijafahamika kwa nani?" ni swali la sarufi kabla hata halijawa swali la haki.

Waswahili hatuna shida na kusema kwa kuficha. Tuna mafumbo, tuna vitendawili, tuna kanga zinazompasha jirani bila kumtaja. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini fumbo lina jibu, na aliyelitoa analijua jibu hilo, na anakualika ulitafute. Siri nayo ni kitu kingine: jibu lipo, yupo anayelijua, na hataki wewe ulijue. Utata wenyewe, utata wa kweli, ni pale ambapo jibu halijapatikana bado, hata kwa anayelitafuta kwa nia njema. Sisi waandishi tumevichanganya vitatu hivi ndani ya chungu kimoja tukaita "kutatanisha". Na chungu hicho hicho tumetumbukizia cha nne, uvivu wetu.

Ninyi mnaofuatilia mambo mtakumbuka Richmond, au mmesimuliwa na kaka zenu. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilipewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za umeme wa dharura, nchi ikiwa gizani. Umeme haukuja kama ulivyoahidiwa. Magazeti yakaipa jina, "kampuni tata ya Richmond", na mkataba ukawa "mkataba wenye utata". Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikafanya kazi yake, na Februari 2008 ripoti ikasomwa Dodoma ikisema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, huku akisema kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Mimi sitaki kuirudia kesi ile hapa. Ninachotaka muone ni kwamba kamati ilifanya kazi kwa kuita watu na kusoma nyaraka. Nyaraka hizo zilikuwa kwenye makabati ya ofisi muda wote ambao sisi tulikuwa tunaandika "tata". Uzi haukuwa umejisokota wenyewe. Ilikuwa siri, na siri ina mwenyewe.

Kisha mwaka 2017 tukapata ndugu yake kutatanisha: "watu wasiojulikana". Septemba 7 mwaka huo Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma, mchana kweupe, na tangu hapo msemo huo ukatoka kwenye taarifa za habari ukaingia kwenye mazungumzo ya vijiweni, watu wakawa wanautumia hata kwa utani, utani wa kuogopa. Wasiojulikana kwa nani? Ni swali la yule yule mama. Mtu anaweza kuwa hajulikani kwangu na kwako, lakini haiwezekani asijulikane kwa mke wake, kwa aliyempa gari, kwa aliyemtuma.

Novemba 21 mwaka huo huo, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiandikia Mwananchi, alichukuliwa Kibiti. Hajaonekana tena. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, alisema kwenye mahojiano na BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, baadaye ikaelezwa kwamba kauli yake haikueleweka vizuri. Mimi ni mwandishi. Nikisoma habari hiyo siisomi kama msomaji. Nikijiuliza ningependa wenzangu waandikeje siku nikitoweka mimi, najua kitu kimoja. Nisingependa mama yangu akunje kipande cha gazeti kwenye pindo la kanga na ndani yake hakuna kitu.

Najua mtakachoniambia. Dogo, unataka watu wafungwe? Unataka gazeti lishtakiwe? Kutatanisha ni neno la usalama. Mwandishi asiye na ushahidi hawezi kumtaja mtu kuwa muuaji, na mwandishi mwenye ushahidi nusu akikurupuka anaharibu maisha ya mtu asiye na kosa. Ndiyo ile maana ya pili ya tatua, kurarua. Wapo pia wahariri wanaosema neno hili ni ishara, kwamba msomaji wetu ni mwerevu, akiona "kutatanisha" anaelewa kuna jambo tumelijua na hatukuweza kulisema.

Hoja ya kwanza naikubali kwa mikono miwili. Usimtaje mtuhumiwa usiyeweza kumthibitisha. Lakini kati ya kumtuhumu mtu na kunyamaza kuna uwanja mpana, na uwanja huo ndio kazi yetu. Hoja ya pili siikubali. Ishara ambayo mmoja anaisoma kuwa polisi, wa pili kuwa mchawi, wa tatu kuwa mke wa mtu, hiyo ni karatasi tupu iliyopigwa muhuri wa gazeti, na kila mtu anajiandikia.

Kwani utata wa kweli unaweza kuandikwa vizuri. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, idadi ya waliokuwemo ilileta ubishi kwa miaka. Lakini sababu ya ubishi inaelezeka: abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameorodheshwa. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, kivuko chenye uwezo wa kubeba abiria 101, wakafa zaidi ya 200, napo idadi kamili ya waliopanda haikujulikana mara moja. Na napo ilielezwa kwa nini: mkata tiketi naye alikuwa ndani, na mashine yake ikapotea majini. Hapo msomaji anaona fundo liko wapi. Anaona pia la kudai: orodha za abiria. Fikiria kama tungeandika tu kwamba idadi ya waliokufa "inatatanisha", tukaenda kulala.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria yangu ndogo, wala sijaisomea popote. Vidole vikitaka kuliandika neno lile, nasimama najiuliza maswali matatu. Nini kinajulikana? Nini hakijulikani, na kwa nini? Nani anapaswa kujua, na nilipomuuliza alisema nini?

Ile habari yangu ya kwanza ningeiandika hivi leo: kijana wa miaka 23 ameopolewa kwenye shimo la msingi lililojaa maji ya mvua. Shimo halina uzio, na uongozi wa mtaa ulimwandikia mwenye kiwanja barua mbili kabla ya masika. Taarifa ya hospitali inasema alikufa maji. Haijajulikana kama alikosea njia gizani au aliteleza. Mwenye kiwanja alipopigiwa simu hakupokea. Basi. Ni mistari michache tu kuliko ile ya mwanzo, hakuna aliyetuhumiwa kuua, na hakuna wa kuja kuniambia mwanangu umemfanya mwizi.

Habari ya pili niliiandika, kusema kweli. Mhariri aliiminya ikatoka ukurasa wa ndani, kona ya chini. Siku kadhaa baadaye nikapita kule, nikakuta mtu kazungushia shimo miti na mabati machakavu. Siwezi kujisifu kwamba ni mimi, huenda ni barua ya tatu ya mwenyekiti. Yule mama nilimpelekea nakala nyumbani. Aliisoma yote kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku hiyo sijaliandika tena lile neno bila kueleza kinachotatanisha ni kipi na kinamtatanisha nani. Mara mbili nimegombana na dawati kwa ajili hiyo, na mara moja nimeshindwa, likarudishwa na mtu mwingine usiku. Ndiyo kazi ilivyo.

Ninyi wasomaji mnaweza kutusaidia kuliko mnavyodhani. Mkiliona gazetini, mkilisikia redioni, mkilisikia kinywani mwa kiongozi, msilipite. Ulizeni swali la mama wa darasa la saba. Hakijafahamika kwa nani?

Naomba kutoa hoja.